Kuhesabu Kaboni ya Gesi ya Mabaki ya Chakula, Kitale na Bungoma

Hesabu ya kaboni ya bayogesi ni utaratibu wa kukadiria gesijoto iliyoepukwa pale mabaki ya chakula yanapoingizwa kwenye mtambo wa gesi badala ya kumwagwa jaani. Jibu hutolewa kwa tani za kaboni dioksidi, na kwa jibu hilo hati za kaboni huuzwa. Hesabu yenyewe ina pande tatu: kile ambacho kingetokea kama mtambo usingekuwepo, kile ambacho mtambo wenyewe unaachilia hewani, na nishati ambayo gesi yake inaiondoa jikoni. Wengi huanzia upande wa pili na wa tatu, kwa kuwa mtambo na jiko huonekana kwa macho. Ila uzito wote uko upande wa kwanza, kule jaani. Kwa miji ya Kitale na Bungoma upande huo unataka uangalifu wa pekee, maana majaa yake hayafanani na yale ya nchi tajiri ambako biashara ya gesi hii ilikulia.

Soko, zizi na jaa

Kitale, makao makuu ya kaunti ya Trans Nzoia, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400, kando ya barabara kuu na reli ziendazo Malaba na Uganda. Miji yote miwili inalishwa na mashamba yanayoizunguka, kwa hiyo taka zake nyingi ni za kuoza.

Ukipita soko la Chepkube mjini Bungoma jioni, wauzaji wakifunga, utaona taka zenyewe zilivyo: majani ya nje ya kabichi yaliyobanduliwa, nyanya zilizopasuka chini ya kreti, mabua ya sukuma wiki, vikonyo vya mikungu ya ndizi, maganda ya miwa. Sehemu hupakiwa kwenye mkokoteni ikapelekwa kutupwa. Sehemu nyingine haifiki huko. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wa nguruwe huja na magunia yao, wakaokota majani bado mabichi na kwenda nayo zizini. Mabaki ya hotelini na ya shuleni nayo yana wateja wake, na ugali uliolala ni lishe ya nguruwe inayotafutwa.

Hili ni jambo la kwanza ambalo mhesabu kaboni hana budi kulimaliza kabla ya kugusa kikokotoo. Gunia la kabichi lililokuwa likienda zizini halina methani ya jaa ya kuepukwa. Mtambo ukilinunua gunia hilo, mfugaji atatafuta lishe kwingine, na kama lishe hiyo itatoka shambani, ukulima wake una gesijoto zake. Vivyo hivyo kwa taka zinazochomwa moto kila wiki kando ya soko: moshi wake unaumiza mapafu, lakini kilichokwisha kuwa majivu hakiozi. Ni taka zile tu ambazo kweli zingelala jaani zikaoza ndizo zinazoingia upande wa kwanza wa hesabu.

Kilo 50, kilo 20, kilo 5

Chakula kikioza penye hewa hutoa kaboni dioksidi. Hiyo haihesabiwi, kwa kuwa ndiyo ileile ambayo mmea uliivuta kutoka angani ulipokuwa ukikua. Chakula kikifukiwa pasipo hewa, vijidudu vingine hushika kazi na kutoa methani. Hiyo ndiyo yenye deni. Ripoti ya tano ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, iliweka kwamba kilo moja ya methani hupasha dunia joto sawa na kilo 28 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Kwa miaka 20 tu, ni sawa na kilo 84. Nchi zilizo katika Mkataba wa Paris hutumia namba ya 28 katika taarifa zao, nami nitaitumia hapa.

Kanuni ya kimataifa ya kukokotoa methani ya jaa ni fupi kuliko sifa yake. Chukua tani moja ya mabaki ya chakula, mabichi kama yalivyo. Jedwali la kanuni hiyo linasema asilimia 15 ya uzito huo ni kaboni inayoweza kuoza, yaani kilo 150. Nusu yake ndiyo huoza kweli: kilo 75. Nusu ya gesi itokayo ni methani: kilo 37.5 za kaboni. Zidisha kwa 16, gawanya kwa 12, upate uzito wa methani yenyewe: kilo 50. Mara 28, ni tani 1.4 za kaboni dioksidi kwa kila tani ya mabaki.

Namba hiyo ya kilo 50 ndiyo inayopendwa katika maandiko ya miradi. Lakini ni ya jaa lililojengwa kitaalamu, ambamo taka hushindiliwa na kufunikwa udongo hadi hewa isipite. Kwa jaa lisilosimamiwa, kanuni inapunguza. Taka zikiwa na kina cha mita 5 au zaidi, zidisha kwa 0.8, ubaki na kilo 40. Zikiwa na kina kisichofika mita 5, zidisha kwa 0.4, ubaki na kilo 20, ambazo ni sawa na tani 0.56 za kaboni dioksidi. Majaa ya wazi ya miji ya kaunti, ambako taka hutandazwa, hupekuliwa na mbuzi na kuchomwa mara kwa mara, yanaangukia kundi hilo la mwisho mpaka mtu aende na kipimo na kuthibitisha vinginevyo. Anayeandika mradi wa jaa kama hilo kwa kutumia kilo 50 amezidisha hati zake mara mbili na nusu kabla hata msingi wa mtambo haujachimbwa.

Kuna kosa jingine, na hili hupita kimya kwa sababu limejificha ndani ya jedwali lenyewe. Asilimia 15 ya kaboni ni wastani wa mabaki ya chakula ya kila aina, na wastani huo unachukulia chakula chenye ukavu wa kutosha: mkate, wali, nyama, nafaka. Kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Tani ya majani yake ina kilo 80 hivi za kitu kikavu, na kaboni ni pungufu ya nusu ya hizo. Tuseme kilo 40, dhidi ya 150 za jedwali. Ukizipitisha katika kanuni ileile, kwa jaa la kina kifupi, unapata kilo 5 na kidogo za methani, yaani kama kilo 150 za kaboni dioksidi. Robo ya namba ya jedwali! Kwa mji ambao taka zake za soko ni majani mabichi, tofauti hii ni kubwa kuliko hitilafu nyingine zote, na dawa yake ni rahisi: kukausha sampuli kwenye oveni ya maabara na kuipima kabla na baada.

Baridi ya Kitale na joto la Bungoma

Kilo hizo za methani hazitoki siku moja. Zinatoka kidogo kidogo, nyingi mwanzoni na chache baadaye, na kasi yake inategemea joto na unyevu. Zana ya kukokotoa methani ya majaa, iliyotungwa chini ya CDM, mfumo wa Itifaki ya Kyoto wa kuuza upunguzaji wa gesijoto, inaweka mpaka kwenye wastani wa nyuzi 20 za Selsiasi kwa mwaka. Juu ya hapo mahali ni pa kitropiki. Kuanzia hapo kushuka chini, mahali huhesabiwa pamoja na nchi za baridi, hata kama pako karibu na ikweta.

Mpaka huo unapita katikati ya miji yetu miwili. Bungoma, yenye wastani unaozidi nyuzi 20 na mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, ni tropiki yenye unyevu, na kasi ya uozo iliyowekwa na zana hiyo ni 0.40 kwa mwaka. Kitale, kwa sababu ya mwinuko wake, ina wastani ulio chini ya nyuzi 20, hivyo inaangukia safu ya baridi. Humo swali linakuwa kama mvua inazidi maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyakausha. Ikizidi, kasi ni 0.185. Isipozidi, ni 0.06.

Maana yake kwa fedha ni hii. Chukua tani mbili za mabaki yanayofanana, moja ya Bungoma na moja ya Kitale, zote zimeepushwa na jaa la kina kifupi lenye uwezo wa kilo 20 za methani. Kwa Bungoma theluthi moja ya methani hiyo ingetoka mwaka wa kwanza, na ndani ya miaka 10 ingetoka asilimia 98. Kwa Kitale yenye kasi ya 0.185, mwaka wa kwanza ingetoka asilimia 17, na ndani ya miaka 10 asilimia 84. Kwa kasi ya 0.06, mwaka wa kwanza usingefika hata asilimia 6, na miaka 10 ingetoa asilimia 45 tu. Kwa kuwa hati hutolewa kadiri miaka inavyopita, na mradi una muda maalumu wa kudai, taka za Kitale zinaweza kulipwa nusu ya zile za Bungoma ingawa zimetoka kwenye shamba moja.

Sioni ubaya katika hilo, maana baridi kweli huchelewesha uozo. Ubaya unakuja pale mtayarishaji wa mradi anapoandika kwamba Kenya ni nchi ya tropiki, akajaza 0.40 kwa kaunti zote na kuendelea na ukurasa unaofuata. Takwimu za hali ya hewa za Kitale zimewekwa kwa miongo mingi, hasa kwa ajili ya utafiti wa mahindi. Hazihitaji kukisiwa.

Ndani ya mtambo

Bayogesi si ngeni Kenya. Mkulima wa kahawa aitwaye Tim Hutchinson alijenga mtambo mwaka 1957, na kuanzia 2009 mpango wa ushirikiano wa bayogesi barani Afrika uliwafikia wakulima wadogo wa Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Burkina Faso. Ila ile ilikuwa hasa mitambo ya samadi. Mabaki ya chakula yana nguvu zaidi na pia yana hasira zaidi: yakiingizwa mengi kwa pamoja, asidi hupanda na vijidudu vya methani hufa. Mtambo wa mji unataka mchanganyiko, na samadi ya ng'ombe ni mwenza mzuri.

Tani moja ya mabaki mchanganyiko ya chakula hutoa kwa kawaida mita za ujazo 100 hivi za bayogesi, na asilimia 60 hivi ya gesi hiyo ni methani. Hiyo ni karibu kilo 39 za methani. Tazama namba hiyo kwa makini. Jaa la kina kifupi lingetoa kilo 20, nao mtambo unazalisha 39, kwa sababu umejengwa ili uzalishe. Gesi yote ikiungua jikoni, hakuna tatizo. Ikivuja, mtambo huo unaweza kuwa mbaya kuliko jaa lililoachwa wazi. Ikivuja nusu, faida yote ya jaani imekwisha.

Nusu ni nyingi, lakini uvujaji wa kiasi ni jambo la kila siku. Mwongozo wa IPCC unasema mitambo kwa kawaida huvujisha kati ya sifuri na asilimia 10 ya methani inayozalishwa, na unaruhusu kutumia asilimia 5 pale pasipo vipimo. Kwa tani yetu moja, asilimia 5 ni kilo 2 za methani, kama kilo 55 za kaboni dioksidi. Asilimia 10 ni kilo 110. Kuba la matofali lenye ufa mwembamba kwenye plasta, bomba la mpira lililokauka kwa jua, vali iliyoachwa wazi wikendi hoteli ikiwa imefungwa: hivyo ndivyo vinavyokula hesabu. Maji ya sabuni juu ya viungo vya bomba, kila wiki, yangeokoa kaboni nyingi kuliko ripoti yoyote.

Watu huuliza sana kuhusu lori, kwa hiyo nitajibu kwa haraka. Lori la tani 7 likizunguka kilomita 150 kwa lita moja kila kilomita 4, linachoma chini ya lita 40 za dizeli, yaani kama kilo 100 za kaboni dioksidi. Kwa kila tani ya mzigo ni kilo 14. Hiyo ni karibu robo ya uvujaji wa asilimia 5. Lori ni suala la gharama kuliko suala la tabianchi.

Masalio ya mtambo, yale matope meusi yenye nitrojeni, ni mbolea. Udongo mwingi wa Trans Nzoia na Bungoma umekuwa na asidi, na matumizi ya miaka mingi ya mbolea ya DAP yamechangia. Kwa mkulima wa mahindi masalio hayo yana thamani hata kama hayana hati. Kwa mhesabu, kuna tahadhari moja tu: shimo la kuyahifadhi likiwa wazi na matope hayajamaliza kuoza, methani inaendelea kutoka humo.

Jikoni

Kilo 39 za methani zina nishati ya kilo 43 hivi za gesi ya mitungi, zaidi kidogo ya mitungi mitatu ya kilo 13. Gesi hiyo ya mitungi ingetoa kama kilo 130 za kaboni dioksidi. Huo ni upande wa tatu wa hesabu ikiwa mteja ni hoteli iliyokuwa ikipikia gesi.

Kama mteja ni shule inayopikia kuni, namba inapanda kwenye karatasi na uhakika unashuka. Kuni zikitoka kwenye miti inayopandwa tena, kaboni yake inarudi mtini, kwa hiyo kinachodaiwa ni ile sehemu tu inayokatwa bila kurudishwa. Sehemu hiyo imewahi kutiwa chumvi sana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa mwaka 2024, ulikuta kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilikuwa imepewa hati mara 9 hivi ya upunguzaji wa kweli. Kosa katika sehemu ya kuni lilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mradi wa Kitale au Bungoma unaotaka kuaminiwa ungefanya vyema kudai kidogo hapa.

Jirani wa ng'ambo ya Elgon

Hesabu ya taka zilizoepushwa na jaa imeshafanywa karibu sana na hapa. Mbale, upande wa pili wa Mlima Elgon, ni mmoja wa miji ya mpango wa Uganda wa kugeuza taka za manispaa kuwa mboji, ulioendeshwa na mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo kwa msaada wa Benki ya Dunia na kusajiliwa CDM mwaka 2010. Mboji haitoi gesi ya kupikia, lakini upande wa kwanza wa hesabu ni uleule: methani ambayo jaa lingetoa.

Ulinganishe na mradi wa Mtoni, Dar es Salaam, uliosajiliwa pia CDM, ambao ulivuta gesi kutoka jaa lililokuwepo tayari. Huko mita iliyofungwa kwenye bomba ilihesabu methani yenyewe. Mbale, na Kitale au Bungoma kesho, wanadai gesi ambayo haikuwahi kuwepo. Hakuna mita inayoweza kuipima. Kinachobaki ni mizani, vitabu, na ukweli wa anayeviandika.

Sheria nayo ina neno. Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya taka na majaa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinapozalishwa, za kuoza mbali na nyingine. Sheria hiyo ikitekelezwa kikamilifu, kuepusha mabaki na jaa kutakuwa wajibu, na wajibu hauuzwi kama hiari. Kanuni za CDM zilikubali sheria isiyotekelezwa iwekwe kando, mradi ithibitishwe kuwa inapuuzwa na wengi. California imepita njia hiyo ya wajibu: sheria yake ya 2016 iliagiza taka za kuoza zinazokwenda jaani zipungue kwa asilimia 75 ifikapo 2025. Tena kuna hatari ya kipekee kwetu. Kaunti ikiboresha jaa kwa kushindilia na kufunika taka bila kuweka mabomba ya gesi, kizidishi cha methani ya jaa kinapanda kutoka 0.4 hadi 1.0. Afya ya mji inaimarika, lakini methani inaongezeka, na hati za mtambo jirani zinanenepa bila mtambo kufanya lolote jipya.

Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yaliweka rejesta ya taifa ya kaboni, na yakataka miradi isiyotegemea ardhi iipe jamii angalau asilimia 25 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kenya imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 ifikapo 2030. Tani iliyouzwa kwa nchi nyingine chini ya Mkataba wa Paris haiwezi tena kuhesabiwa katika ahadi hiyo, wala hoteli iliyonunua gesi haiwezi kuitangaza kuwa yake. Na jamii inayostahili ile asilimia 25 ianzie kwa waokota taka na mama mboga watakaotenganisha maganda kwa mikono yao.

Kwa hiyo kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, kabla ya kutia sahihi na mnunuzi yeyote wa kaboni, ziweke mizani kwenye lango la jaa, zipime kina chake, zikaushe sampuli za taka za soko msimu wa mvua na wa kiangazi, na ziandike kwa mwaka mzima ni magunia mangapi huenda zizini. Gharama yake ni ndogo, na bila vitabu hivyo namba yoyote itakayowekwa mezani itakuwa ya mnunuzi.